Lugha ya Pili ya Mama Kabula

Kila kijana anayesikia kwamba niliwahi kuandika programu za kompyuta huniuliza swali lile lile, tena huliuliza akiwa amesimama, kana kwamba jibu lake ni fupi: "Mzee, nikishaijua lugha moja ya kompyuta, hizo nyingine zitakuwa rahisi?" Jibu ni ndiyo. Lakini kaeni kwanza, maana ndiyo hiyo ina masharti, na masharti yenyewe niliyaona kwa macho yangu upande wa Geita, kwenye kambi ya wachorongaji, watu wanaotoboa miamba kutafuta madini, katika wiki ambayo mwanamke mmoja alikuwa anajaribiwa kazi.

Mimi sikusomea kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa taipureta Shinyanga mjini. Meza yangu ilikaa barazani kwa Bwana Hasmukh, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ofisi, ambaye Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Wakulima wa pamba waliokuja kununulia watoto daftari walibishana naye bei kwa Kisukuma mpaka wakaanza kumuuliza habari za ng'ombe wake. Mwanawe alipokwenda Dar es Salaam kusoma, aliacha nyumbani kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kitabu cha lugha iitwayo BASIC. Televisheni Shinyanga wakati huo ilikuwa ya kutazamia kanda za video, kwa hiyo mchana haikuwa na kazi. Bwana Hasmukh akaniambia, "Fundi, wewe unafungua kila kitu. Fungua na hii." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Kwa kitabu. Bisibisi acha mezani."

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliiamuru mashine iandike "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi kwa Kisukuma. Wa pili uliiamuru irudi kwenye mstari wa kwanza. Nikabonyeza. Kioo kikajaa salamu, zikapanda juu, zikaja nyingine. Bwana Hasmukh akatoka dukani na kikombe chake cha chai.

"Inafanya nini?"

"Inasalimia."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Sijaiambia."

Akaitazama muda mrefu, akanywa funda moja. "Hujaiitikia, Fundi. Msukuma akikusalimia huwezi kukaa kimya. Mwitikie, ataacha."

Ilibidi nichomoe waya. Lakini siku hiyo nilijifunza jambo ambalo sikulazimika kujifunza tena katika lugha yoyote: mashine hufanya ulichoiambia, haijui ulichokusudia, na haichoki.

Jambo la pili nilifundishwa na mke wa Bwana Hasmukh, bila yeye kujua. Programu tulikuwa tunazihifadhi kwenye kaseti za kawaida, za muziki. Niliwahi kuandika programu ya kupanga majina ya wateja wangu kwa mfuatano wa alfabeti. Ilipokamilika nikajinunulia soda. Kesho yake kompyuta ikaikataa kaseti. Nikaiweka kwenye redio nisikilize kuna nini, nikamsikia mama yule akiimba nyimbo za ibada, na alikuwa anaimba vizuri sana. Nilikasirika asubuhi nzima. Kisha nikaanza kuiandika upya, na kabla ya adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, fupi na safi kuliko ya kwanza. Kwenye kaseti yalikuwa yamepotea maneno. Namna ya kupanga majina nilikuwa nayo bado, na mama yule asingeweza kuimba juu yake.

Sasa niwaletee Mama Kabula. Alikuwa mchapaji katika ofisi moja ya mizigo iliyokuwa ikipeleka malori Isaka, na taipureta yake ilikuwa mgonjwa wangu wa kudumu, herufi zikinata kila msimu wa mvua. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliolewa Shinyanga, mumewe akafariki, na binti yake Kabula alikuwa shule ya bweni. Siku moja alifuata mashine yake akanikuta mbele ya ile televisheni. Akasimama nyuma yangu akasoma.

"Fundi, hii ikiingia ofisini kwetu, taipureta yangu nitaileta tena kwako?"

"Hapana."

"Sasa mimi nitachapa nini, na wewe utatengeneza nini?"

Akavuta kigoda. "Basi sogea."

Nikaanza kumfundisha baada ya saa za kazi. Kwa kuwa nilijiona mwalimu, nilimpa mfano ambao kila mtu huutoa: "Ni kama ulivyotoka kwenye Kisumbwa ukajifunza Kisukuma."

"Kisukuma nilijifunza kwa kuchekwa," akasema. "Nilikuwa nikikosea sokoni, wanawake wanashika mbavu. Mashine haicheki. Nitajuaje nimekosea?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mfano wangu. Niliondoka nalo nyumbani, na kesho yake nikamwomba Bwana Hasmukh viberiti vitupu. Katika programu, kila namba unayotaka mashine iikumbuke huwekwa mahali penye jina. Tukafanya kila kiberiti kuwa mahali pamoja: juu yake tuliandika jina, ndani tukaweka punje za mahindi. Mmoja alisoma programu mstari kwa mstari kwa sauti, mwingine akatii kwa mikono: toa punje mbili hapa, ongeza pale, hesabu, rudi mstari wa tatu. Aliyetii hakuruhusiwa kufikiri. Programu ikiwa na kosa, punje zilikuonyesha mstari wenyewe, kwa sababu ulijikuta unatia mkono kwenye kiberiti kitupu. Bwana Hasmukh alipotupita alikuwa akiuliza nani anaongoza, akidhani tunacheza bao.

Hivyo ndivyo Mama Kabula alivyoijua BASIC. Ilimchukua muda mrefu, na alilalamika sana. Alipoanza kuandika programu zake mwenyewe, ofisi yao ikapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mnaokumbuka miaka hiyo mnajua neno hilo lilivyoingia nyumba nyingi. Ada ya Kabula ilikuwa mbele yake, na hakuna ofisi Shinyanga iliyokuwa inatafuta mchapaji.

Mimi nilikuwa nimeanza kuitwa kwenye kambi moja ya uchorongaji nje ya mji wa Geita kutengeneza mashine zao za kuchapia. Mkuu wa kambi, Bwana Masele, mtu mpole na mwenye mzaha, aliniambia ana shida kubwa kuliko mashine za kuchapia. Mtambo wa kuchoronga miamba hufanyiwa sevisi kwa kufuata saa ulizofanya kazi. Saa hizo zilihesabiwa na programu, na aliyeiandika alikuwa amehama. Siku nyingine ilihesabu sawa. Siku nyingine ilisema mtambo ulichoronga saa nne, wakati kambi nzima iliusikia ukinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hesabu hizo oili ilichelewa kubadilishwa, na injini moja ilikuwa imeshakwama.

Nikamtajia jina la Mama Kabula.

"Anajua Pascal? Programu imeandikwa kwa Pascal."

"Anajua BASIC."

"Nimekuuliza Pascal, Fundi."

"Nimekusikia."

Akacheka. Akasema aje, apewe wiki moja. Akiitengeneza, kazi ya kompyuta ya kambi ni yake. Asipoweza, watamshukuru kwa safari.

Tukapanda lori kupitia Kahama na Ushirombo. Nilikuwa nimeazima nakala ya kitabu cha Pascal kambini, naye alikisoma njiani, akikifunga kila lori lilipoingia kwenye shimo la barabara. Tulipofika Geita tulishuka mtaa wa Kalangalala kununua viberiti, boksi zima. Muuza duka akatutazama. "Mnakwenda kuchoma msitu upi?"

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu, na sitawaficha. BASIC tuliyoijua ilikuwa na namba kila mstari, kumi, ishirini, thelathini, na ukitaka mashine iende mahali unaitajia namba. Pascal haikuwa na namba. "Nyumba hazina namba," Mama Kabula akasema. "Barua zitafikaje?" Tena Pascal haikukuruhusu kutumia kiberiti bila kukitangaza kwanza mwanzoni, jina lake na aina ya kitu kitakachokaa ndani. Tukaweka mahindi kwa namba kamili, maharage kwa herufi, na ukitia haragwe kwenye kiberiti cha mahindi mashine inakataa kabisa. Mimi hilo liliniudhi. Yeye lilimfurahisha. "Huku ni kama ukweni," akasema. "Lazima utambulishwe mlangoni, na ukishaambiwa kiti chako ni kile, hukai kingine."

Mimi niliandika Pascal yangu ya kwanza ikiwa na lafudhi nzito ya BASIC, nikitafuta kila njia ya kuruka huku na huku. Ilikuwa kama Kiswahili cha mjomba wangu: maneno ya Kiswahili, mwendo wa Kisukuma. Hii ndiyo hasara ya lugha ya kwanza, na lazima muijue. Inakusaidia kuingia, lakini inaingia na viatu vyake.

Hata hivyo siku ya pili nilishuhudia kitu. Mama Kabula alichukua ile programu iliyochapwa, akaanza kuweka alama kwa kalamu. Hapa inapokea. Hapa inakumbuka. Hapa inauliza kama hivi au vile. Hapa inarudia. Maneno mengi yalikuwa mageni kwake, lakini alijua kwamba lazima kuna mahali pa kupokea, akapatafuta mpaka akapaona. Jioni alikuwa anaisoma kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko asiouzoea. BASIC ilimchukua misimu miwili ya mvua kufika hapo.

Kisha tukaitembeza kwa viberiti, tangu juu hadi chini, na hapo ndipo tulipokwama. Programu haikuwa na kosa. Ilichukua saa ya kufunga mtambo, ikatoa saa ya kuuwasha. Jibu likiwa chini ya sifuri, iliongeza kumi na mbili, kwa kuwa saa ya ukutani inazunguka. Mtambo ukiwashwa saa saba na kufungwa saa tano kwa saa ya ukutani, yaani kuanzia asubuhi hadi jioni, jibu ni kumi. Sawa kabisa. Tukarudia. Sawa. Tukabadilishana, mimi nikasoma yeye akatii. Sawa.

Ilikuwa Alhamisi. Mama Kabula akakaa chini na kusukuma viberiti pembeni.

"Fundi, labda lugha hii ina kitu nisichokijua. Kuna neno lina maana nyingine ndani yake."

"Lipi?"

"Ningelijua si ningekuambia?" Akaokota punje iliyoanguka. "Nitamwambia nini Kabula?"

Hapa nawaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mtakapokwama. Mtu akiwa kwenye lugha ya pili, jambo lisipoeleweka huilaumu lugha. Anaona ni ngeni, basi kosa limo humo. Nilimuuliza Mama Kabula: ingekuwa ni BASIC, programu iko sawa na jibu si sawa, ungefanya nini?

Akajibu bila kufikiri. "Ningetazama kilichoingizwa." Akasikia alichokisema. Akavuta viberiti tena.

Akachukua siku moja ambayo kila mtu kambini alikumbuka mtambo ulivyonguruma saa kumi nzima. Kuwasha: moja. Kufunga: tano. Punje nne. Akachukua siku nyingine kama hiyo. Kuwasha: saba. Kufunga: kumi na moja. Punje nne. Akapanga zile nne, na pembeni akapanga kumi zilizotakiwa.

"Hapa zimepungua sita," akasema. "Na hapa sita."

Akaziangalia zile sita. Mimi pia niliziangalia, wala sikuona kitu. Mara akaanza kucheka, kwanza polepole, kisha akafunika uso kwa kitenge. Akainuka na kwenda moja kwa moja mtamboni, nami nyuma yake.

Mwendesha mtambo, Shija, alikuwa amekaa juu ya dumu anakunywa chai.

"Mwadila, Shija," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mayu," akaitikia, yaani mama. "Mmeleta kiberiti? Sigara yangu imezimika."

"Siku ile mliyochoronga kule bondeni, uliwasha mtambo saa ngapi?"

"Saa moja. Umande haujakauka."

"Akaandika nani?"

"Mwenyewe. Moja."

"Na kufunga?"

"Kufunga aliandika mtunza stoo. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia ugali."

"Ameandika tano."

"Saa tano?" Shija akamwaga chai. "Mayu, saa tano nilikuwa kitandani! Hata ndoto ya pili nilikuwa nimeshaimaliza!"

Mnaelewa. Shija alisoma saa kama mama yake alivyomfundisha, saa moja ni asubuhi jua likichomoza. Mtunza stoo alinakili namba kama zilivyo kwenye saa ya ofisini. Shija akiandika mwanzo na mwisho yeye mwenyewe, moja mpaka kumi na moja, jibu lilikuwa kumi, sahihi. Mtunza stoo akiandika pande zote mbili, saba mpaka tano, jibu pia lilikuwa kumi, sahihi. Siku waliyogawana tu ndipo zilipopotea saa sita, ile tofauti ya saa za Kiswahili na saa za Kizungu. Sisi sote kambini tuliishi na saa mbili kichwani na kuzibadili bila kujijua, kama mtu anavyohamisha mzigo bega hili na lile. Ndiyo maana hakuna aliyeiona. Mgeni asiyejua Kiswahili asingeiona pia, kwa sababu nyingine.

Mama Kabula akarudi kwenye kompyuta na kuandika mistari yake ya kwanza ya Pascal iliyokuwa na kazi. Kila namba ikiingizwa, programu iulize: K au Z? Ikiwa K, ya Kiswahili, iongeze sita. Ikiwa Z, ya Kizungu, iiache. Akatangaza kiberiti kipya mlangoni, cha maharage. Akabonyeza. Mashine ikakataa: amesahau nukta mkato. Akaiweka. Ikakataa: nyingine. "Kumbe hii inacheka," akasema, akairekebisha, ikakubali.

Bwana Masele akaja kuijaribu mwenyewe. Akaingiza siku ya Shija. Kumi. Akaingiza ile nyingine. Kumi. Akajaribu kuitega kwa K pande zote mbili, moja mpaka kumi na moja, kisha Z pande zote mbili, saba mpaka tano. Kumi, kumi. Akaitazama saa ya mkononi kwake, akatikisa kichwa. "Hii mimi naisoma kwa Kizungu mpaka getini. Nikivuka geti, mke wangu akiuliza, naisoma kwa Kiswahili. Sijawahi kuwaza." Kisha akauliza, "Mama Kabula, hii umeifikiri kwa Pascal au kwa BASIC?"

"Nimeandika kwa Pascal, Bwana Masele. Kufikiri nimefikiri kwa mahindi."

Kwa hiyo, kijana uliyesimama: lugha ya kwanza ni ngumu kwa sababu unajifunza mambo mawili kwa pamoja na unadhani ni moja. Unajifunza maneno yake, na unajifunza kulimega jambo vipande vidogo ambavyo mashine isiyojua nia yako inaweza kuvitii. Maneno utayaacha mlangoni ukihama. Kumega utahama nako. Anza na lugha yoyote uliyo karibu nayo, hata kama watu wanaicheka, na usihame mpaka uwe umeharibu kitu kwa lugha hiyo na ukakitengeneza mwenyewe. Anayehama kabla ya hapo huanza upya kila mara, na nimewaona wengi wenye vitabu vya lugha tano.

Jumamosi asubuhi lori la kurudi Shinyanga lilisimama nje ya geti. Bwana Masele alikuwa amesifu kazi, lakini la ajira hakulisema, na Mama Kabula si mtu wa kuuliza. Tukapakia mizigo yetu. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele Bwana Masele alipokuja akitembea haraka, karatasi mkononi.

"Mama Kabula! Jumatatu unaletewa mtambo mpya na kompyuta yake. Nimeambiwa programu yake ni ya lugha nyingine tena, hata jina silijui."

"Inapokea?"

"Nini?"

"Inapokea namba, inauliza, inarudia?"

"Lazima."

"Basi jina nitaliuliza ikifika," akasema. Akafungua mlango, akashuka, akapanda nyuma na kuanza kulivuta begi lake kutoka chini ya magunia.

"Mama, vipi tena?" utingo akalalamika. "Kiti umeshakipata!"

"Mimi nakaa hapa. Mpe mwingine."

Utingo akaruka chini na kupaza sauti kwa watu waliokuwa barabarani: "Mbele nafasi moja! Ushirombo, Kahama, Shinyanga, mbele nafasi moja!" Nikahamia mbele kabla hajarudia mara ya pili.